Usalama wa mtandao kwa wanafunzi wa uhandisi wasio wa kompyuta: somo lianzie wapi?

Mhadhiri wa uhandisi umeme katika chuo kimoja nchini Tanzania ameniandikia hivi: "Ndaki yetu imeamua kuwa kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya uhandisi, awe wa ujenzi, mitambo, umeme, kemikali au maji, asome usalama wa mtandao kabla ya kuhitimu. Wengi wao wamesoma uandishi wa programu kwa muhula mmoja tu. Je, tuwape somo moja la pamoja au tuligawe ndani ya masomo yaliyopo? Tufundishe nini hasa, kwa vifaa gani wakati bajeti haipo, na tuwapime vipi?"

Ndugu mhadhiri, nianze na jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua mengine yote. Somo hili lisiwe la kumgeuza mwanafunzi wa uhandisi mitambo kuwa mtaalamu wa kompyuta aliyeiva nusu. Kazi yake ni kumzoesha kuutazama mtambo anaoubuni na kujiuliza: ni jambo gani halipaswi kutokea hapa kamwe, hata kama kompyuta inayouendesha imeangukia mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya? Swali hilo ni la kihandisi mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi wa mwaka wa pili ambaye hawezi kuandika mistari kumi ya programu anaweza kulijibu vizuri kuliko bingwa wa mitandao, kwa kuwa yeye ndiye anayejua boila hupasuka kwa shinikizo gani, bwawa hufurika kwa njia ipi, na shafti ya jenereta hupatwa na nini inapounganishwa na gridi nje ya wakati wake.

Mfano huo wa jenereta si wa kubuni. Mwezi Machi 2007, katika Maabara ya Taifa ya Idaho nchini Marekani, watafiti waliiharibu jenereta ya dizeli ya megawati 2.25 kwa amri za kompyuta peke yake. Swichi iliyoiunganisha na gridi ilifunguliwa na kufungwa upesi wakati mzunguko wa jenereta na ule wa gridi ulikuwa umepishana, na kila pigo lilitikisa shafti mpaka mashine ikafuka moshi na kusimama. Kifaa kilichotumika kuiua mashine hiyo kilikuwa rilei, yaani kifaa kilichowekwa pale kwa ajili ya kuilinda. Picha za video za jaribio hilo zilitangazwa hadharani mwaka huohuo, nami nakushauri uzioneshe katika kipindi cha kwanza kabisa, kabla hujataja nywila wala virusi. Mwanafunzi wa mitambo akiona chuma kinavunjika, ataelewa kwamba somo hili linamhusu.

Kuna jambo moja la msingi ambalo wanafunzi wetu hawafundishwi popote, na ndilo ningelipa saa nyingi zaidi. Mhandisi amezoea kuhesabu hatari zisizo na nia: upepo, kutu, tetemeko, uchovu wa chuma. Amefundishwa kwamba vali mbili za usalama, kila moja ikiwa na uwezekano wa kushindwa mara moja kati ya 1,000, kwa pamoja zitashindwa mara moja kati ya 1,000,000. Hesabu hiyo ni sahihi pale tu ambapo kila vali hushindwa kwa sababu yake yenyewe. Vali zote mbili zikiwa zinapokea amri kutoka kidhibiti kimoja, au vidhibiti viwili vyenye nywila moja katika mtandao mmoja, mshambuliaji hana haja ya kungoja bahati mbaya mbili zikutane siku moja, kwa sababu atazitengeneza zote kwa amri moja. Hapo kuzidisha uwezekano hakuna maana tena. Mwanafunzi akiondoka chuoni na hoja hii peke yake, akaikumbuka kila anapochora mfumo wa usalama, somo lako litakuwa limelipa gharama yake.

Kosa linalofanyika mara nyingi, nami nililifanya nilipoanza kufundisha darasa mchanganyiko, ni kuanza na hisabati ya usimbaji fiche, yaani kuugeuza ujumbe usomwe na mwenye ufunguo tu, na orodha ndefu ya aina za mashambulizi. Wanafunzi wa ujenzi walikariri, wakafaulu mtihani, na muhula uliofuata wakachora mfumo wa pampu ambao mtu yeyote mwenye simu angeweza kuuzima. Usimbaji fiche ufundishwe, lakini kwa maswali matatu tu: nani anaweza kuusoma ujumbe, nani anaweza kuubadilisha bila kugunduliwa, na tunajuaje aliyeutuma ndiye kweli. Anayetaka kujua ndani yake kuna nini akasome somo la hiari. Wengine wajue tu kwamba mhandisi hajitungii njia yake mwenyewe ya usimbaji, bali hutumia ile iliyokwisha kupimwa na wengi.

Sasa nije kwenye muundo. Ukiligawa somo lote ndani ya masomo yaliyopo, litakosa mwenyewe. Kila mhadhiri atadhani mwenzake amefundisha. Ukilifanya somo moja la pamoja basi, litabaki mgeni, na mwanafunzi ataliweka pembeni na Kiingereza cha mawasiliano. Mimi ningechagua njia ya kati yenye uzito upande mmoja. Kuwe na somo moja la mwaka wa tatu, baada ya mwanafunzi kujua mitambo ya fani yake na, ikiwezekana, baada ya mafunzo yake ya kwanza ya viwandani. Wiki saba za mwanzo za muhula zifundishwe kwa pamoja, na wiki zinazobaki kila fani ishughulikie mitambo yake ikiongozwa na mhadhiri wa fani hiyo, mwalimu wa kompyuta akiwa msaidizi. Nasisitiza mpangilio huo wa uongozi. Mhadhiri wa kompyuta akiongoza, mjadala utaishia kwenye seva. Mhadhiri wa maji akiongoza, utafika kwenye klorini na afya ya watu wa mji.

Huenda utaambiwa kwamba mtaala umejaa na kwamba kuupitisha upya ni kazi ya miaka. Ni kweli. Lakini kubadilisha mifano ndani ya somo lililokwisha kupitishwa hakuhitaji kibali kipya. Anayefundisha ulinzi wa mifumo ya umeme anaweza wiki ijayo kutumia tukio la Ukraine, na anayefundisha usafishaji wa majitaka anaweza kutumia la Queensland, bila kugusa hata kichwa cha mada.

Matukio hayo mawili nayaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu yamebeba mafunzo ambayo hayapatikani kwa urahisi penginepo. Tarehe 23 Desemba 2015, kampuni tatu za kusambaza umeme nchini Ukraine zilishambuliwa kwa wakati mmoja, na wateja wapatao 225,000 wakabaki gizani kwa saa kadhaa. Washambuliaji walikuwa wameingia miezi mingi kabla kwa barua pepe zilizobeba faili lenye programu hasidi, wakajifunza mfumo polepole kama wafanyakazi wapya wanaojifunza kazi. Siku yenyewe waendeshaji waliona alama ya kipanya ikitembea yenyewe kwenye skrini na kufungua swichi moja baada ya nyingine. Simu za huduma kwa wateja zilifurikwa na simu za uongo ili wananchi wasiweze kutoa taarifa, na vifaa vya mawasiliano katika vituo vya kupoza umeme viliharibiwa programu zake ili visiweze kuamriwa tena kutoka mbali. Kilichowaokoa ni kwamba mafundi bado walijua kwenda vituoni kwa gari na kufunga swichi kwa mikono. Waulize wanafunzi wako: katika mifumo mipya tunayoisimika leo, je, uwezo huo wa mkono umebaki? Nani analipwa kuufanyia mazoezi? Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 na treni ya umeme iliyoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 vinaongozwa kwa kompyuta, na wanafunzi hawa ndio watakaovirithi. Kwao swali hilo ni la kazi yao ya kesho.

Tukio la Queensland, Australia, ni la mwaka 2000, katika wilaya ya Maroochy. Mtu aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyosimika mfumo wa redio wa kuendesha pampu za majitaka aliomba kazi katika halmashauri, akanyimwa. Akiwa na kompyuta na redio ndani ya gari, aliuingilia mfumo mara kwa mara, na lita zipatazo 800,000 za majitaka ghafi zikamwagika katika bustani na mito. Mwaka 2001 alihukumiwa kifungo cha miaka miwili. Ninachotaka mwanafunzi akione hapa ni kwamba mwanzoni wahandisi waliyachukulia matukio yale kuwa hitilafu za kawaida za mfumo mpya. Pampu ilisimama, ikarekebishwa. King'ora hakikulia, kikarekebishwa. Mhandisi ambaye hajawahi kufikiria nia ya mtu atatafuta nati iliyolegea mpaka mwisho. Na tazama pia mshambuliaji alikuwa nani: mtu aliyeujua mtambo kwa kuwa aliujenga. Kwa hiyo utaratibu wa kufunga akaunti na kubadilisha nywila pale mkandarasi anapokabidhi kazi ni sehemu ya uhandisi ujenzi na uhandisi maji, na uandikwe katika orodha ya makabidhiano ya mradi pamoja na funguo za mageti.

Kwa fani nyingine nitapita haraka. Wanafunzi wa mitambo watazame Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010, ambayo ilibadilisha kasi ya mitambo ya kurutubisha urani huko Natanz, Iran, huku ikiwaonesha waendeshaji vipimo vya zamani vya hali ya kawaida. Wajifunze kwamba kipimo kwenye skrini kinaweza kusema uongo na kwamba mtambo wa hatari unahitaji geji inayosomeka bila kompyuta. Wa kemikali watazame shambulio la mwaka 2017 dhidi ya mfumo wa usalama wa kiwanda cha petrokemikali nchini Saudi Arabia, ambako ufunguo wa chuma ulio juu ya kidhibiti ulikuwa umeachwa katika nafasi inayoruhusu programu kubadilishwa. Kugeuza ufunguo ule kwa mkono kungeziba njia hiyo. Wa vifaa tiba watazame mwaka 2017 pia, ambapo betri za moyo zipatazo 465,000 nchini Marekani zilihitaji kuwekewa programu mpya kwa sababu ya udhaifu wa kiusalama, na wajadili inakuwaje kusasisha kifaa kilichomo ndani ya kifua cha mtu.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda kuliko yote kwa darasa la Afrika Mashariki uko ukutani mwa nyumba ya kila mwanafunzi: mita ya LUKU. Namba 20 anazoingiza mama nyumbani zinatokana na kanuni ya kimataifa ya tokeni za umeme iliyoanzia Afrika Kusini. Ndani ya namba hizo, zikiwa zimesimbwa kwa ufunguo wa mita hiyo peke yake, kuna kiasi cha umeme na alama ya wakati tokeni ilipotengenezwa. Ndiyo maana namba za jirani hazikubali kwenye mita yako, na ndiyo maana huwezi kuingiza namba zilezile mara mbili, kwani mita hukumbuka alama ilizokwisha kupokea. Hapo mwanafunzi amepata mafunzo makubwa mawili ya usalama bila kuhitaji kompyuta wala mtandao: kuthibitisha asili ya ujumbe, na kuzuia ujumbe halali usirudiwe.

Kisha mpe hesabu. Alama ile ya wakati ilipewa nafasi ya biti 24, yaani tarakimu 24 ambazo kila moja ni 0 au 1, ikihesabu dakika kuanzia mwanzo wa mwaka 1993. Mbili kwa kipeo cha 24 ni dakika 16,777,216, ambazo ni karibu miaka 31 na miezi 11. Atajikuta amefika Novemba 2024, na atakumbuka kwamba mwaka huo wateja wa Tanzania, Kenya na nchi nyingine nyingi walitakiwa kuingiza seti za ziada za namba kwenye mita zao. Namba zile zilibadilisha ufunguo wa mita ili hesabu ya dakika ianze upya. Mita ambayo haikufanyiwa hivyo isingekubali tena umeme mpya baada ya tarehe 24 Novemba 2024. Uamuzi wa wabunifu kuhusu idadi ya biti uliwafikia bibi na babu wa kijijini miongo mitatu baadaye. Ningetenga kipindi kizima kwa jambo hili, na ningewauliza wanafunzi swali gumu: siku ile ambapo wateja wote wanategemea kupokea namba za ajabu kwa simu na kuziingiza bila kuuliza, tapeli angefanya nini, na shirika la umeme lingemzuia vipi?

Kuhusu maabara, huhitaji kununua mitambo ya mamilioni. Chukua ndoo mbili, pampu ndogo ya volti 12, kihisio cha kupima kina cha maji, na kompyuta mbili za zamani zenye programu ya bure ya OpenPLC, ambayo hufanya kazi ya kidhibiti cha kiwandani. Vifaa hivi vinapatikana katika maduka ya elektroniki ya Kariakoo. Unganisha kompyuta kwa itifaki (kanuni za mawasiliano ya mashine) ya Modbus, ambayo ilibuniwa mwaka 1979 na bado inatumika viwandani kote duniani, ingawa katika umbo lake la kawaida haina njia yoyote ya kuuliza anayetoa amri ni nani. Wiki ya kwanza wanafunzi wahakikishe pampu inajaza ndoo ya juu na kusimama maji yanapofika mahali pake. Wiki ya pili wanase mawasiliano kwa programu ya Wireshark, ambayo pia ni ya bure, na wajionee amri ya kuwasha pampu ikipita wazi kama barua isiyo na bahasha. Wiki ya tatu kundi jingine, likitumia kompyuta ya tatu katika mtandao uleule, litume amri hiyohiyo pampu isisimame. Maji yatamwagika mezani. Acha yamwagike, na uweke taulo karibu.

Wiki ya nne ndiyo kiini cha somo zima, nayo inahitaji makundi yaliyochanganya fani. Waambie wazuie maji yasimwagike tena. Mwanafunzi wa kompyuta atatenga mtandao na kuruhusu anwani moja tu kutoa amri. Wa umeme ataweka swichi ya kina cha juu inayokata mkondo wa pampu moja kwa moja, ikiwa na waya wake usiogusa kompyuta yoyote. Wa mitambo atakumbuka boya la kwenye tangi la nyumbani na kulifunga kwenye mdomo wa bomba. Wa ujenzi atatoboa ndoo karibu na ukingo na kuweka bomba la kurudisha maji ya ziada chini, akilikadiria kipenyo chake kwa kasi ya pampu. Majibu matatu kati ya hayo manne hayajui kama mtandao upo, na hakuna nywila inayoweza kuibwa ili kuyashinda. Lakini usiruhusu darasa liridhike hapo. Boya hukwama, swichi hushika kutu, bomba la ziada huzibwa na mjusi, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kitakachomwambia mwendeshaji kwamba kuna mtu ndani ya mfumo wake. Kila kundi liandike kurasa mbili kutetea mchanganyiko wake wa kinga, gharama zake, na nani atakagua nini kila mwezi. Fikra hii ya kuweka kinga ndani ya maumbile ya mtambo wenyewe ndiyo msingi wa mkabala uliokuzwa na maabara ileile ya Idaho, na mwaka 2022 Wizara ya Nishati ya Marekani iliutolea mkakati wa kitaifa.

Kuna tahadhari ambayo lazima iandikwe kabla ya kipindi cha kwanza cha vitendo. Mtandao wa maabara usiunganishwe na wa chuo wala na intaneti, na kila mwanafunzi atie saini karatasi inayotaja vifaa anavyoruhusiwa kuvigusa. Katika chuo kimoja nilikofundisha niliwahi kutoa zoezi la kukagua mtandao bila kuandika mipaka, na mwanafunzi mmoja, kwa bidii tu, alikagua mtandao mzima wa chuo hadi huduma kadhaa zikasimama kwa nusu siku. Kijana yule karibu aingie matatani kwa uzembe wangu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015, na ile ya Kenya ya mwaka 2018, zinafanya kuingia katika mfumo wa kompyuta bila idhini kuwa kosa la jinai, na kusema "nilikuwa ninajifunza" hakutamtetea mtu. Wasome vifungu hivyo darasani, maana mwanafunzi wa uhandisi huenda asikutane na sheria hiyo mahali pengine popote.

Umeuliza mwisho kuhusu upimaji. Nisingetoa hata alama moja kwa tafsiri ya maneno. Katika mtihani wape mchoro wa mtambo wa kusafisha maji wa mji wa ukubwa wa kati: tangi la klorini, pampu, vali, vihisio, kidhibiti, na laini ya mkandarasi anayeingia kutoka mbali kufanya matengenezo. Watake wataje tukio moja baya kuliko yote linaloweza kuwapata wakazi, wachore njia ambayo mshambuliaji angeipita kulifikia, waikate njia hiyo mahali pawili, angalau mahali pamoja kati ya hapo pasiwe pa kompyuta, kisha waeleze mtambo utaendeshwaje kwa saa 24 kompyuta zikiwa zimezimwa. Mwanafunzi wa ujenzi na wa kompyuta wanaweza kufanya mtihani huo bega kwa bega. Pamoja na hilo, ombeni ndaki iongeze ukurasa mmoja katika ripoti ya mradi wa mwaka wa mwisho, kwa fani zote, ambamo mwanafunzi anaandika ni nani angetaka kuuharibu mradi wake, angepitia wapi, na ni kinga gani ameijenga ndani ya mtambo wenyewe. Hilo linaweza kuanza na kundi linalohitimu mwaka huu, hata kabla somo jipya halijapata namba ya msimbo.